Ofisi Iliyofungwa Bado Inazaa

Tarehe 9 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujaniamkia pokea habari kubwa: mimi mjomba wako nimeusoma mpango wa bajeti ya serikali wote, jalada hadi jalada, bila miwani.

Haya, acha kucheka. Tuseme nusu yake. Ukinibana zaidi nitakwambia ilikuwa karatasi moja ya gazeti aliyonifungia sabuni mwenye duka, na miwani nilivaa, tena ya mkaza mjomba wako. Lakini karatasi hiyo nimeirudia mpaka sabuni imeona haya.

Marahaba, kwa sababu najua umeniamkia kimoyomoyo. Sisi huku wazima. Mama yako magoti yamepoa, ulimi bado. Anasema ukipata nafasi ya kuandika umwandikie yeye kwanza, maana yeye ndiye aliyekuzaa, mimi nilikuja kula tu siku ya jina. Kaka yako amenunua redio isiyosema neno. Anasema imetulia.

Sasa tuje kwenye sabuni. Karatasi inasema hivi, nainakili kama ilivyo: “Serikali itapunguza kodi ya biashara ndogo kwa nusu, bila kugusa huduma yoyote, kwa kutumia akiba itakayotokana na ufanisi katika.” Basi. Hapo imechanwa. Katika nini? Kipande kilichobaki kilikwenda na fundi baiskeli aliyenunua chumvi mbele yangu. Nilimfuata mpaka kwake. Kumbe ameshawashia jiko.

Mpwa wangu, wewe unafanya kazi kwenye jengo hilohilo wanakopika sentensi za namna hii. Nieleze taratibu, ukijua unazungumza na mtu aliyeishia darasa la nne, tena la nne lenyewe alilimaliza kwa huruma ya mwalimu. Huo ufanisi unafugwa wapi? Unakula nini? Na unazaa kiasi gani hata ulipe nusu ya kodi ya kila mwenye cherehani na kila muuza nyanya? Nauliza kwa nia njema. Kwa hiyo nusu ya kodi yangu nimeshamwahidi mkaza mjomba wako sufuria, ile kubwa yenye masikio mawili, na yeye si mtu wa kusahau.

Huku tumeona dalili moja tu. Ile ofisi ya vizazi na vifo, inayotazamana na kibanda changu cha kushonea, mmeifunga tangu Novemba. Kibao wameng'oa, mlinzi kaondoka na kiti chake, mlangoni wametia kufuli. Kama huo ndio ufanisi, basi nimeuona: wa rangi ya shaba, una tundu la ufunguo.

Siku hizi nina mgeni barazani. Anakaa kwenye benchi la wateja kutwa. Mtu mpole, hata kukohoa anaomba ruhusa. Usiniulize ni nani.

Mjomba wako,
Fundi


Tarehe 2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika ikinukia sabuni. Mimi mzima, mafua tu. Mwambie mama nimemwandikia, na nimemwandikia kwanza. Kaka mwambie aweke betri.

Umeuliza kwa nini sipigi simu. Hukuuliza, lakini najua unataka kuuliza. Chumba chetu kina watu wanane na dirisha moja lisilofunguka. Ukipiga chafya, saba wanakuombea afya. Tulikuwa na birika la umeme, limeondolewa ili kubana matumizi. Sasa kila mtu anatoka kwenda kunywa chai nje na kurudi baada ya nusu saa. Akiba ya umeme wa birika imeandikwa. Hizo nusu saa hazina mahali pa kuandikwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mjomba. Nakaa na jedwali. Kila wizara inaniletea orodha ya ilichookoa, mimi nakagua, na mwezi wa tano naweka sahihi kwamba akiba hii ni ya kweli. Waziri akiipata sahihi hiyo anasimama na kuipunguza kodi yako. Asipoipata, hana cha kusimamia.

Usidhani nacheka ufanisi. Upuuzi upo na nimeushika kwa mikono yangu. Kuna wizara imekodi ghala miaka mingi kuhifadhi viti vilivyovunjika. Ukivichukua viti vyote vile vikiwa vipya, bei yake haifiki pango la ghala la mwaka mmoja. Nimelifunga ghala hilo mwenyewe, na usiku ule nililala kama mtoto. Kwa hiyo nilianza kazi hii nikiamini. Bado naamini, lakini sasa nakagua mara mbili.

Ndiyo maana nina swali, na nakuomba ulijibu. Ofisi iliyo mbele yako iko kwenye jedwali langu. Tumeandika: pango limeokolewa, umeme umeokolewa, mlinzi ameokolewa, mshahara wa karani umeokolewa. Lakini watu wa takwimu wananiletea idadi ya watoto walioandikishwa kila mwezi, ofisi kwa ofisi, na ofisi hiyo bado inazaa. Desemba imeandikisha watoto wengi kuliko ilipokuwa wazi. Januari ndiyo usiseme.

Mjomba, ofisi hiyo imefungwa au haijafungwa?

Mpwa wako


Tarehe 11 Machi

Mpwa wangu, Bi Jedwali,

Marahaba, na pole kwa mafua. Usione nimechelewa ukadhani nimekufa. Ningekufa ningeandikishwa, na wewe ungeona. Mama yako amepata barua yako na amewasomea majirani wote, hata pale ulipomwambia asimsomee mtu. Kaka yako ameweka betri. Redio imeanza kusema na sasa haina mwenye kuinyamazisha.

Umeuliza kama ofisi imefungwa. Imefungwa. Kufuli nimelishika mwenyewe leo asubuhi, nikalitikisa, halikufunguka. Swali lako nimelijibu.

Sasa nikwambie jambo la maana. Nimeufanyia ufanisi majaribio hapa kibandani, nisije nikakashifu kitu nisichokijua. Nilimwita mkaza mjomba wako nikamwambia: “Mke wangu, sufuria yako haitangoja kodi. Nitaitoa ndani ya uzi.”

Akauliza, “Uzi gani?”

“Uzi ninaoupoteza. Pindo la suruali nalikunja mara mbili. Nikilikunja mara moja, naokoa uzi na kitambaa, na mteja anavaa suruali ileile.”

“Na mteja anajua?”

“Mteja anatazama mbele. Pindo liko chini.”

Halafu akaenda dukani siku hiyohiyo kuichagua sufuria, akamwambia mwenye duka amwekee. Uone alivyo na imani na mumewe! Nami nikabana. Pindo mara moja. Pasi naiwasha zikifika nguo nyingi, siyo moja moja. Vipande vya bitana situpi, nashonea mifuko.

Mwezi haujaisha, suruali zikaanza kurudi. Kondakta mmoja alikuja ameshika pindo mkononi kama mtu aliyeokota nyoka. “Fundi, hii ni suruali au ni pazia?” Zote nikazishona upya bure, na mara mbili, kwa uzi wangu. Kilichobaki kama akiba ni pasi na bitana tu. Hizo zilikuwa za kweli, sikatai. Nilipopiga hesabu nikaona zinatosha kifuniko. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna kifuniko kizuri sana, kinang'aa, kimetundikwa ukutani. Sufuria yenyewe bado iko dukani.

Nikawa najiuliza, je, na ninyi huko mmeshaichagua sufuria?

Lakini sikati tamaa. Kama uzi hautoshi, uzeni magari. Mkubwa wenu mmoja ana magari matatu na makalio mawili. Uza hayo, nipunguzie kodi, yaishe.

Mgeni wangu hajambo. Anakusalimu, ingawa hakujui.

Mjomba wako,
mwenye kifuniko


Tarehe 24 Machi

Mjomba, shikamoo.

Najibu haraka safari hii kwa sababu nimecheka mpaka yule wa meza ya kona akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Habari za nyumbani zimenifurahisha. Mimi sina habari. Nakula, nalala.

Magari tuliuza mwaka jana. Pesa ile ilikuwa nzuri na ilikuja mara moja. Kodi ukishaipunguza, Mjomba, umeipunguza mwaka huu na mwakani na mwaka wa baada yake, na magari hayazai magari. Ni kama mtu auze cherehani ili alipe pango la kibanda. Mwezi wa kwanza atakuwa tajiri. Wa pili atakaa kwenye kibanda kilicholipiwa, akitazama mahali palipokuwa na cherehani.

Ndiyo maana wanaishikilia sana mishahara. Mshahara uliookolewa unaokolewa kila mwaka. Ofisi kama hiyo ya mbele yako ziko nyingi nchi nzima, na mishahara ya makarani wake ndiyo nguzo ya jedwali zima. Ukiitoa, nusu ya kodi inabaki hewani.

Na hujanijibu. Mimi sikukuuliza habari za kufuli.

Jana mkuu wangu alikuja mezani kwangu na kikombe chake. Mtu mzuri, hana makelele. Akasema, “Dada, naona una mkono mzito.”

Nikamwambia, “Nakagua tu, Mkuu.”

“Kagua. Lakini waziri ameshatangaza.”

“Ametangaza kabla ya mimi kukagua?”

Akatabasamu, akasema, “Ndiyo maana tunakuhitaji.” Akaenda zake.

Mwenzangu wa meza ya pili aliwahi kusita kusaini kitu. Siku hizi meza yake imewekwa ua kwenye chungu. Ua zuri, tunalimwagilia kwa zamu.

Naelewa kwa nini unakwepa, Mjomba, au nadhani naelewa. Sitaki kumdhuru mtu. Nikiandika kwamba karani yupo na analipwa, kuna atakayesema: basi mwondoeni, akiba itimie. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayesema hivyo. Lakini nikisaini kwamba hayupo, na yupo, nitakuwa nimesaini uongo, na siku ukijulikana, sahihi ni yangu. Waziri hakuandika kitu, yeye alitangaza tu.

Nina mpaka katikati ya mwezi wa tano. Niambie nani anaandikisha watoto.

Mpwa wako


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako magoti yamerudi. Redio imekufa tena na nyumba nzima tumeshukuru. Nimechelewa kwa sababu barua hii haikuwa yangu peke yangu.

Mgeni wangu ni yeye. Karani wa vizazi na vifo, tunamwita Bwana Muhuri. Nilikuficha, na ningeendelea kukuficha, maana mtu ukishakunywa naye chai miezi mitano huwezi kumtaja kwa serikali, hata kama serikali yenyewe nimeibeba mgongoni ikiwa na kamasi.

Ilikuwa hivi. Barua ya kufunga ofisi ilikuja. Barua ya kumhamisha yeye haikuja. Na kanuni zao zinasema mtumishi asiyeonekana kituoni ni mtoro, anafukuzwa. Kituo chake ni hapa. Basi siku ya kwanza alisimama mbele ya kufuli kutwa, tai shingoni, jua lote lake, kama mposaji aliyekataliwa anayengoja wazazi wabadili mawazo. Siku ya pili nikamwita: “Bwana, njoo usimame huku kwenye kivuli, kwamba hukutoroka nitashuhudia mimi.” Akaja na mkoba. Ndani ya mkoba mna muhuri na madaftari. Hajakaa vizuri, akatokea mama na kichanga. Sasa ungemwambiaje?

Watoto wameongezeka kwa sababu ofisini walikuwa wanapanga foleni nje ya kidirisha, na kwangu kuna benchi. Mkaza mjomba wako anambembeleza mtoto, Bwana Muhuri anaandika, na mimi napima kinguo. Usiniulize nimeshona vinguo vingapi. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na faida ya kunyamaza, andika na hiyo. Pengine huo ndio ufanisi wenyewe: karani mmoja, benchi moja, hakuna mlinzi. Lakini benchi ni langu, taa ni yangu, chai ni yetu, na katika jedwali lako simo.

Barua yako nilimsomea. Nilijaribu kuruka pale pa “mwondoeni”, akasema, “Fundi, umeruka mstari. Rudi.”

Nikarudi.

Mkaza mjomba wako akasema, “Mwambie binti aandike hakuna mtu. Nani atakuja kuangalia huku?”

“Atakuja mkaguzi mwingine,” nikasema, “na binti ndiye atakayeulizwa.”

“Basi mwambie asisaini chochote, ajifanye mgonjwa!”

“Ana mafua,” nikasema.

“Si umeona!”

Bwana Muhuri akavua miwani, akaifuta kwa tai. Akasema, “Shemeji, mimi kila siku naandika watu waliopo na watu wasiokuwepo. Sijawahi kumwandika aliye hai upande wa pili.” Halafu akanigeukia. “Mwambie mpwa wako aniandike nipo. Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa mtu. Afadhali hivyo kuliko kuhesabiwa akiba.”

Nikamuuliza, “Una hakika? Una watoto wanne.”

“Wote nimewaandikisha mwenyewe,” akasema. “Wanajua baba yao yupo.”

Basi huyo. Umeniuliza, nimekujibu. Kitakachofuata kiko mkononi mwako, na huo mkono ulio mzito ni wa ukoo wetu. Hata wa mama yako, alipokuwa akikupiga kofi, unaukumbuka.

Kuhusu kodi yangu usihangaike. Mkaza mjomba wako nimemwambia. Amekipangusa kifuniko, akakirudisha ukutani.

Mjomba wako


Tarehe 19 Juni

Mjomba, shikamoo. Mpe mama pole ya magoti. Nimetuma dawa ya kuchua kwa mtu anayekuja huko.

Nilimwandika yupo. Halafu nikaogopa kuwa labda ni yeye peke yake, nikazifuatilia ofisi nyingine zilizofungwa, moja baada ya nyingine. Wapo, Mjomba. Mmoja anafanyia kazi kwenye chumba cha kungojea cha zahanati. Mwingine yuko nyuma ya duka la dawa. Mwingine anaandikia ndani ya gari la shemeji yake. Hawakuandikiana wala hawajuani. Wote walingoja barua ya uhamisho, na wote waliogopa kuitwa watoro. Kwetu walikuwa wameshaokolewa.

Nilipotoa mishahara yao, na magari ya mwaka jana, na birika, akiba ya kweli ilibaki kama theluthi. Theluthi si haba. Ghala la viti limo humo. Nikasaini theluthi hiyo, na si zaidi.

Mkuu alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, “Habari za huyu wa kwanza umezipata wapi? Una uhakika?”

Nikamwambia nina chanzo cha kuaminika. Nisamehe kwa uongo huo.

Umesikia hotuba. Kodi yako imepungua kidogo sana, na iliyobaki itapungua “kadiri akiba itakavyothibitika.” Maneno hayo ni yangu. Ndiyo maneno pekee ya serikali niliyowahi kuyatunga, na nayaonea fahari kuliko ninavyopaswa.

Makarani hawakufukuzwa, walipewa barua zao za uhamisho. Nadhani ilionekana aibu kuwafukuza watu kwa kosa la kwenda kazini. Bwana Muhuri atakuwa ameipata yake.

Mimi nimehamishiwa chumba cha chini, cha nyaraka za zamani. Kina dirisha linalofunguka. Mezani kwangu kule juu sijui wameweka nini, sijapanda kuangalia.

Mpwa wako


Tarehe 8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, tena ya tatu naiweka akiba, na hii ni ya kweli, unaweza kuisaini.

Dawa imefika. Mama yako amejichua magoti, na sasa anatembea nyumba hadi nyumba kusema mwanawe ameishinda serikali. Nimemwambia hujaishinda, umeihesabu tu. Ananiambia nina wivu. Kaka yako anauza redio.

Kuhusu hicho chumba cha chini hukusema mengi, nami sitakuchokonoa. Nitasema tu kwamba mkaza mjomba wako aliposikia aliweka kikombe cha chai chini, akasema, “Mwambie sufuria nimemwachia mwenye duka, kwa hiari yangu.” Kwa mwanamke yule, hiyo ni nishani.

Mtoza kodi alikuja. Alinionyesha punguzo langu, nikavaa miwani, nikaliona. Nikalipa. Bado nina udadisi wangu. Najiuliza hiyo theluthi mbili waliyoiahidi na haikuwepo ilitoka kichwani mwa nani kwanza, na alikuwa anakunywa nini. Ukiikuta humo kwenye nyaraka za zamani, niandikie. Nashuku ni ahadi ya zamani sana, inapigwa pasi tu na kutolewa tena.

Bwana Muhuri amekwenda. Barua yake ilifika Jumatatu, Jumatano akaondoka, ofisi kuu ya wilaya, mbali na hapa kwa nauli ya kutosha. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Kituo chake si hapa tena, amebeba muhuri wake, na kwenye jedwali lolote sasa mambo yako sawasawa.

Ila watu hawajasoma jedwali. Wanakuja. Jana alikuja baba mmoja na kichanga ndani ya shuka. Nikamwambia ofisi hakuna. Akaliangalia kufuli la ng'ambo, akaliangalia benchi, akaniangalia mimi na kalamu iliyo sikioni, akakaa. “Nitangoja,” akasema. “Afisa atakuja saa ngapi?” Mtoto akanitazama kama mtu anayejua haki zake. Leo wamekuja watatu. Mmoja amenikaripia kwa uzembe.

Sasa, mpwa wangu, mimi nimesamehe ile nusu ya kodi niliyoahidiwa ili sahihi yako ibaki safi, kwa hiyo nakudai, na dogo tu ndilo ninalodai. Mwandiko wangu unaujua, hata kuku anauonea huruma. Wako ni mzuri. Humo chini ulimo hakukosi kipande cha ubao kisicho na mwenyewe. Niandikie kibao, herufi kubwa, wino usiofutika na mvua: OFISI IMEHAMIA WILAYANI. Na chini yake, herufi ndogo za adabu: hapa tunashona nguo tu.

Kitume upesi. Yule baba wa jana amerudi.